Njia ya Elimu ya Juu katika Meru na Embu

Kijana wa Meru au Embu asomaye katika shule ya sekondari leo huliona jambo hilo kuwa la kawaida. Kengele hulia, naye huchukua madaftari yake akaingia darasani, na mbele yake ipo njia iendayo mpaka chuo kikuu. Lakini njia hiyo haikuota yenyewe kama majani ya mlimani. Ilifyekwa na watu, wengi wao maskini. Na ilipozibwa, waliianza kazi upya.

Waliotangulia kujenga shule walikuwa wamisheni. Waanglikana walikaa Kigari, katika Embu. Wamethodisti walikaa Kaaga, karibu na mji wa Meru. Na mwaka 1922 Daktari Archibald Irvine wa Kanisa la Skotlandi alianza kazi Chogoria. Walifundisha kusoma, kuandika, hesabu na kazi za mikono. Lakini mwanafunzi aliyetaka kupanda juu zaidi hakuwa na pa kwenda karibu na kwao. Mlango ulikuwa Shule ya Alliance, iliyofunguliwa Kikuyu mwaka 1926, na mbele yake Chuo cha Makerere, nchini Uganda. Mlango huo ulikuwa mwembamba mno. Jeremiah Nyagah, aliyezaliwa Embu mwaka 1920, alikuwa miongoni mwa wachache waliopita: alisoma Alliance, kisha Makerere, akarudi kuwa mwalimu.

Mwaka 1929 ulizuka ugomvi mkubwa. Baadhi ya misheni ziliwataka waumini na walimu wao waape kuikataa tohara ya wasichana. Desturi hiyo ina madhara, na sheria ya Kenya iliipiga marufuku mwaka 2011. Lakini siku zile watu wengi waliona kwamba mgeni amewawekea shule na kanisa upande mmoja, na ukoo wao upande wa pili, akawaambia wachague. Wengi waliondoka, hata Chogoria. Hata hivyo, walioondoka hawakuiacha elimu. Walijenga shule zao wenyewe, zilizoitwa shule huru, katika Ukikuyu na Embu, na nyingine zikafika Meru. Wazazi walikata miti, wakaezeka, wakalipa walimu kwa fedha zao. Tena walitaka watoto wafundishwe Kiingereza mapema, kwa maana waliona kwamba lugha hiyo ndiyo ufunguo wa madaraka.

Shule za chini peke yake hazikutosha. Walimu wangetoka wapi? Kwa sababu hiyo, mwaka 1939 kilifunguliwa chuo cha walimu huko Githunguri, chini ya Peter Mbiyu Koinange, aliyekuwa amesoma Marekani. Watu walikichangia kwa marika yao, kila rika likishindana na jingine kwa ukarimu.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, mwezi wa Oktoba 1952. Serikali ya kikoloni ilizishuku shule huru kuwa zinawasaidia Mau Mau, ikazifunga. Chuo cha Githunguri nacho kilifungwa, na mahali palipojengwa kwa ajili ya kuwafundisha vijana pakageuzwa kuwa mahali pa kunyongea watu.

Uzito wa elimu ulionekana wazi mwaka 1957, Waafrika walipowachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza. Kura hazikuwa sawa: kwa ajili ya elimu, mali au utumishi wake, mtu mmoja aliweza kupewa kura mpaka tatu, na asiye na sifa hizo hakupewa hata moja. Tena Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa kwanza kuthibitishwa kuwa watiifu kwa Serikali. Katika uchaguzi huo Bernard Mate wa Meru alimshinda Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza hilo. Mwaka uliofuata Nyagah naye akachaguliwa.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, Kenya nzima ilikuwa na shule za sekondari 151 tu. Wananchi hawakungoja Serikali iwafikie. Kwa mwito wa harambee walirudia kazi waliyoijua tangu zamani: kuchanga, kubeba mawe na kujenga. Na Wizara ya Elimu ilishikwa na Koinange, yule wa Githunguri. Kisha, mwaka 1966, na Nyagah, yule mwana wa Embu.

Leo Chuo Kikuu cha Methodisti kipo Meru, nacho kilipewa hati yake mwaka 2006. Vyuo vikuu vya Chuka na vya Sayansi na Teknolojia vya Meru vilipata hati mwaka 2013, na cha Embu mwaka 2016. Basi, kijana usomaye haya, uketipo darasani kumbuka kwamba dawati lako lina wenyewe wa zamani. Wengi wao hawakujua kusoma, lakini walilipa ada yako kabla hujazaliwa.