Majina 400 ukutani

Ukifika hekalu la Brihadisvara mjini Thanjavur, kusini mwa India, unavua viatu mlangoni na macho yanakimbilia juu. Mnara wa mawe ya matale, mita 60 hivi, umesimama tangu mwaka 1010. Wageni wengi wanapiga picha, wanataja jina la mfalme Rajaraja wa Kwanza, wanaondoka.

Mimi naomba ushushe macho. Sehemu ya chini ya kuta imejaa maandishi ya Kitamil, na mengi ni hesabu tupu: dhahabu iliyotolewa, vijiji vilivyopangiwa kuleta mpunga, vingine ng'ambo Sri Lanka, alikoenda kuteka. Halafu wanafuata wanawake wapatao 400, wacheza ngoma waliohamishwa hapo kwa amri yake kutoka mahekalu mengine. Wameandikwa kwa majina, mtaa, nyumba na mgawo wa mpunga.

Walitaka kuhama? Ukuta hausemi. Lakini angalau majina yao yapo, miaka 1,000 baadaye.

Kwetu jiwe la msingi lina jina la mgeni rasmi. La fundi aliyelichonga liko wapi?