Kwa nini wengine huacha Eklezia?

Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933, akaishi kati ya Waluba wa nchi ya Kamina. Alitambua ya kuwa watu walijua majibu ya katekisimu, lakini mioyo yao ilitamani uzima, uzazi na umoja. Baada ya 1950, huko Kolwezi, ikazaliwa Jamaa: mume, mke na padri wakipendana kama watu wa nyumba moja. Baadaye wengine walipotoka. Mwaka 1973 maaskofu waliwaonya, na waliokataa kutii wakatengwa. Hao hawakuondoka kwa kumchukia Mungu. Walishikamana na ndugu zao. Basi, asiyepata ndugu kanisani humtafuta kwingine. Ni nani haketi tena karibu nanyi? Mwendeeni.