Kupiga Kambi Kando ya Ziwa na Watoto Bila Gari: Jinsi ya Kuchagua Mahali Salama

Likizo ikikaribia watoto huanza kuuliza, "Safari hii tunakwenda wapi?" Siku hizi familia nyingi huchagua kulala kwenye mahema kando ya Ziwa Victoria, Tanganyika au Nyasa. Gharama ni nafuu, na watoto hupata nafasi ya kukimbia na kucheza. Lakini kama hamna gari, kuchagua kambi ni uamuzi wa kiafya pia.

Nimejifunza hili kwa makosa yangu. Mwaka mmoja nilikwenda na dada yangu na watoto wetu. Kambi niliichagua kwa picha: mchanga mweupe, miti, na ziwa mbele ya hema. Usiku wa pili mtoto wa dada alipata homa kali. Daladala ya mwisho ilikuwa imepita saa 12 jioni. Kijana wa bodaboda aliyetuleta hakupokea simu. Mimi ni muuguzi, lakini usiku ule sikuwa na kipimo cha malaria wala usafiri. Tulimpa maji, tukampunguzia nguo, tukasubiri alfajiri. Kipimo kilionyesha malaria, akatibiwa, akapona. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kuhusu kambi yoyote ni hili: mtoto akiugua saa 8 usiku, tutafikaje kwenye matibabu?

Uliza haya kwa simu kabla ya kulipa

Mpigie msimamizi wa kambi. Usione aibu kuuliza sana. Kambi nzuri itakujibu bila kukasirika.

- Kituo cha afya au hospitali inayopokea wagonjwa usiku iko umbali gani? Zahanati nyingi hufunga jioni, kwa hiyo usiridhike na jibu la "zahanati iko karibu".
- Usiku kuna usafiri gani? Omba namba za simu za madereva wawili wa bajaji au teksi. Mmoja hatoshi.
- Mtandao wa simu unashika hapo kambini, na ni wa kampuni gani?
- Mvua ikinyesha, barabara inapitika?
- Maji ya kunywa yanatoka wapi? Bomba, kisima, au ziwani moja kwa moja?
- Vyoo viko wapi? Viwe angalau mita 30 kutoka kwenye maji, na viwe na mahali pa kunawa mikono kwa sabuni.
- Viboko au mamba huonekana hapo? Kuna uzio na mlinzi wa usiku?

Kama kituo kinachofanya kazi usiku kiko zaidi ya saa moja, na hakuna chombo cha uhakika cha kuwafikisha, tafuta kambi nyingine. Hili ni muhimu zaidi ukiwa na mtoto chini ya miaka 5 au ukiwa mjamzito.

Tanzania kuna namba 115 ya mfumo wa m-mama, isiyolipiwa, kwa ajili ya usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Ihifadhi kwenye simu. Lakini haikuwekwa kwa ajili ya mtoto wa miaka 3 mwenye homa. Kwa huyo unahitaji dereva uliyekubaliana naye mapema.

Kambi ikiwa kisiwani

Visiwani safari ina hatua moja zaidi. Uliza kivuko cha mwisho ni saa ngapi, na kama kuna kituo cha afya kisiwani penyewe. Usipande chombo kilichojaa kupita kiasi, hata kama wenzako wote wanapanda. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu 200 walifariki. Kila mtoto avae jaketi la kujiokolea linalomtosha kabla chombo hakijaondoka. La mtu mzima humvuka mtoto likachomoka.

Kama mmekodi gari la kulala

Wengine hukodi gari lenye vitanda ndani, au lenye hema juu ya paa, au hupokea ndugu kutoka nje anayekuja nalo. Hapo utasema, "Sisi gari tunalo." Kumbuka kwamba likishaegeshwa, gari hilo ndilo nyumba yenu. Usiku wa manane kulitoa kunamaanisha kuwaamsha watoto wote, kukunja hema na kufungasha vyombo gizani, na dereva awe macho. Kwa hiyo chagua kambi kama mtu asiye na gari. Msiliegeshe kwenye ukingo wa maji wala kwenye tope litakalolinasa mvua ikinyesha.

Angalia ufuo wenyewe

Kichocho huenezwa na vimelea wanaotoka kwenye konokono wadogo wa maji baridi. Vimelea hao hupenya ngozi mtoto anapooga, anapocheza au hata anaposimama majini. Konokono hupenda maji yaliyotulia, ya kina kifupi, yenye matete na magugu. Kwa bahati mbaya ndipo watoto wanapopenda kucheza, kwa sababu panaonekana hapana hatari.

Ufuo ulio wazi wenye mawimbi una hatari ndogo zaidi, lakini Ziwa Victoria na Ziwa Nyasa hakuna ufuo wa kuapia. Njia ya uhakika ni kutogusa maji ya ziwa. Kambi yenye bafu la maji ya kisima au bomba ni bora kuliko kambi inayowaambia "ogeni ziwani". Kama maji ya kuoga yanatoka ziwani, yachemshe kisha yapoe, au yachotwe na kuhifadhiwa kwenye chombo safi kwa siku 2 nzima kabla ya kutumika. Vimelea hufa wasipopata mtu wa kumwingia. Maji hayo ni ya kuoga tu. Ya kunywa lazima yachemshwe au yatiwe dawa.

Kuzama huchukua dakika chache, na mara nyingi mtoto hapigi kelele. Chagua kambi ambayo mahema yako mbali na maji. Mtoto mdogo akiwa ufukweni, mtu mzima mmoja awe karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono, na asishike simu. Pangeni zamu. "Sote tunawaangalia" maana yake hakuna anayeangalia.

Jioni viboko hutoka majini kwenda kula majani. Mtoto asiende msalani peke yake gizani, na msisimame kati ya kiboko na ziwa.

Mbu, baridi na jiko

Mbu wa malaria huuma kuanzia jioni hadi alfajiri. Beba chandarua chenye dawa kwa kila sehemu ya kulala, hata kama hema lina wavu, kwa sababu zipu huachwa wazi. Saa 12 jioni wavalishe watoto nguo za mikono mirefu na suruali. Dawa ya kupaka ya kufukuza mbu soma maelezo yake kwanza. Nyingine hazifai kwa watoto wachanga.

Maziwa hayafanani. Ukienda Naivasha, Kenya, ziwa liko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na usiku kuna baridi. Hapo ndipo watu huingiza jiko la mkaa ndani ya hema au ndani ya gari ili kupata joto. Usifanye hivyo kamwe. Mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, inayoua watu wakiwa usingizini. Hata mkaa unaoonekana kufifia bado unaitoa. Beba blanketi, soksi na kofia.

Mfuko wa dawa wa kubeba

- ORS pakiti kadhaa, na chupa ya kupimia lita 1
- Vidonge vya zinki kwa mtoto anayeharisha, kwa kipimo ulichopewa na mhudumu wa afya
- Parasetamoli ya mtoto na kipimajoto
- Dawa ya kutibu maji, sabuni, bandeji na pamba
- Kadi ya kliniki ya kila mtoto na kadi ya bima kama mnayo
- Tochi, simu yenye chaji, na namba za madereva zilizoandikwa kwenye karatasi

Mtoto wa chini ya miezi 6 anyonye maziwa ya mama tu, hata kukiwa na joto.

Usisubiri asubuhi ukiona dalili hizi

- Hawezi kunywa wala kunyonya
- Anatapika kila kitu
- Amepata degedege
- Amelegea, au haamki kwa urahisi
- Anapumua kwa haraka au kwa shida
- Anaharisha damu, au macho yamebonyea
- Ana umri wa chini ya miezi 2 na ana homa

Mpigie dereva saa hiyo hiyo. Njiani endelea kumpa ORS kidogo kidogo kama anaweza kumeza. Homa nyingine yoyote ipimwe malaria ndani ya saa 24.

Mkisharudi nyumbani

Malaria inaweza kujitokeza wiki kadhaa baada ya safari. Mtoto akipata homa ndani ya mwezi mmoja, mwambie mhudumu kwamba mlikuwa ziwani. Kama watoto waligusa maji ya ziwa, wapeleke wakapimwe kichocho baada ya wiki 6 hadi 8, hata kama hawalalamiki. Ukiona damu kwenye mkojo au kinyesi, usisubiri wiki hizo. Kichocho hutibika kwa dawa ya praziquantel inayotolewa na mhudumu wa afya kulingana na mtoto.

Mama, sikuambii usiende. Sisi tulirudi ziwani mwaka uliofuata. Kambi haikuwa na picha nzuri, lakini bajaji ilikuwa ikilala getini na kituo cha afya kilikuwa dakika 15. Watoto walicheza siku 3, nami nililala usingizi. Kwa hiyo leo, kabla hujatuma pesa ya kushikilia nafasi, piga ile simu ya kwanza na uulize habari za usiku.