Shule Wamepata, Kazi Je?

Leo tuweke vitambaa na hina pembeni kidogo, tuzungumze historia.

Sote tulisoma chuoni habari za Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.), sahaba asiyeona. Tunakumbuka kwamba Sura Abasa ilishuka kwa sababu yake. Tunachosahau ni kwamba alikuwa na kazi. Alikuwa muadhini wa Mtume (s.a.w.), na Mtume aliposafiri aliwahi kumwachia Madina aisimamie. Hakuishia kupewa sadaka, alipewa dhamana.

Kwetu tulianza na shule. Tanganyika ilipata shule ya wasioona Buigiri, Dodoma, mwaka 1950, na ya viziwi Tabora mwaka 1963. Zote zilianzishwa na makanisa. Mwaka 1973 chuo cha Yombo, Dar es Salaam, kikaanza kuwafundisha ufundi vijana wenye ulemavu. Huku visiwani, Umoja wa Watu wenye Ulemavu Zanzibar uliundwa mwaka 1985.

Kazi ilikuja nyuma ya shule. Sheria ya Bara ya 1982 ilimtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi awe na asilimia 2 ya watu wenye ulemavu. Sheria ya 2010 ikamgusa hata mwenye wafanyakazi 20, na asilimia ikapanda kuwa 3.

Ni sheria nzuri. Lakini mfikirieni binti kiziwi wa Pito, kata ya Manispaa ya Sumbawanga, kule juu Ufipa kwenye mahindi na maharage. Mwajiri wa watu 20 atampata wapi? Binti wa kijijini Pemba naye ni hivyo hivyo. Kazi zilizo karibu nao ni cherehani moja, jiko la maandazi, duka la watu wawili, na huko asilimia 3 haifiki.

Kwa binti wa Pito, lililo karibu zaidi ni agizo la 2018: kila halmashauri ya Bara itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, iwe mikopo isiyo na riba. Mikopo hiyo ilisitishwa 2023, ikarejeshwa 2024. Aliyemaliza mafunzo ya ushonaji katikati hapo alirudi nyumbani na ujuzi bila cherehani.

Na mkopo ukitoka, cherehani bado inahitaji wateja. Hapo ndipo sisi tunaingia. Harusi moja ina mshonaji, mpaka hina, mpishi, mfungaji zawadi. Bibi harusi, unapopanga orodha yako, uliza mtaani kwako kama yupo binti mwenye ulemavu aliyejifunza mojawapo ya kazi hizo. Mpe vipimo vyako, mweleze tarehe, mdai kazi safi kama unavyomdai fundi mwingine, kisha umlipe bei ile ile.