Koti la Mzee Karume na Hali ya Hewa ya 1984

Kaa barazani Pete au Kitogani, huku jirani na msitu wa Jozani, useme tu "koti linabana." Hakuna atakayekuuliza fundi wako nani. Usemi huu unanasibishwa na Mzee Abeid Karume: Muungano ni kama koti, likikubana unalivua. Umsikilize kwa sikio la mwendesha mashitaka, hutasikia ombi wala tishio. Ni habari za nguo.

Aliyemfuata, Aboud Jumbe, Rais wa Zanzibar tangu 1972, alitaka kusema waziwazi mbele ya majaji. Katiba ya 1977 imeweka Mahakama Maalum ya Katiba kwa migogoro baina ya Serikali ya Muungano na ya Zanzibar. Jumbe na Mwanasheria Mkuu wake, Bashir Swanzy, Mghana, wakatayarisha hoja ya serikali tatu. Waraka ukamfikia Mwalimu Nyerere kabla haujafika mahakamani. Januari 1984 Halmashauri Kuu ya CCM ikakaa Dodoma, na kikao kilipomalizika Jumbe hakuwa tena rais, wala Makamu wa Rais wa Muungano, wala makamu mwenyekiti wa chama. Koti lilibaki, akavuliwa mvaaji.

Na makosa yake yaliitwaje? "Kuchafuka kwa hali ya hewa ya kisiasa Zanzibar." Hali ya hewa, jamani! Tumezoea kusema mafumbo ni silaha ya mnyonge, ya khanga na taarabu. Hapa aliyefumba ni mwenye nguvu, na alijua anachofanya. Ukimwambia mtu kavunja sheria fulani, lazima uitaje, naye apewe nafasi ya kujitetea. Wakili wake angeuliza tangu lini ni kosa kutayarisha shauri la mahakama iliyomo ndani ya Katiba. Mawingu hayana mshitaki wala mshitakiwa, basi swali hilo halikuulizwa popote penye hakimu.

Vyama vingi viliporudi 1992, Katiba ikakataza kusajili chama kinachopigania kuvunja Muungano. Koti likatolewa tena sandukuni. Mwanasiasa anapanda jukwaani, anasema linabana, watu wanashangilia, na hakuna sentensi ya kumpeleka nayo kortini. Siwezi kumlaumu sana: Mansour Yussuf Himid alisema wazi kuhusu Muungano, na 2013 CCM ikamfukuza, akapoteza na ubunge wa Kiembesamaki katika Baraza la Wawakilishi. Lakini mpiga kura naye ana haki ya kujua. Linabana wapi, kwapani au shingoni? Tulipunguze au tulivue? Mwenye fumbo hadaiwi jibu, na uchaguzi ukipita anaweza kusema alikuwa anazungumzia nguo kweli.

Jumbe alirudia hoja yake kwa maandishi katika kitabu cha 1994, akafariki Agosti 2016. Mahakama aliyoitaka bado imo kwenye ibara ya 125 na ya 126. Haijawahi kukaa.