Mali Bila Daftari: Habari za Vyama vya Afya katika Rusizi na Mafunzo ya Viongozi Wake

Watu wa Kamembe, Gihundwe, Nkanka na Bugarama wazijua hospitali na vituo vyao vya afya, maana majengo yaonekana na waganga wajulikana kwa majina. Lakini ni wachache wazijuao habari za watu waliosimamia sanduku, daftari na kamati za vituo hivyo. Jambo hili si la ajabu, kwani uongozi mwema hauonekani, nao huonekana siku unapokosekana: siku dawa zinapokwisha, siku hospitali inapodai haki yake isilipwe, siku mgonjwa anapofika na kadi yake akaambiwa kwamba haifai kitu. Kwa hiyo yafaa tuikumbuke historia ya viongozi hao na mafunzo waliyoyapata, na mengine waliyoyakosa. Kwani historia hii yatufundisha jambo moja kubwa, nalo ni kwamba nia njema peke yake haijapata kulinda mali ya wagonjwa. Kusimamia nako ni elimu, nayo sharti ifundishwe kama inavyofundishwa elimu ya tiba.

Zamani, kabla ya barabara na magari ya wagonjwa, milima ya nchi hii ilikuwa na taratibu yake. Majirani wa kilima kimoja waliungana, na mmoja wao alipougua sana walimtia katika ingobyi, yaani machela ya kusuka, wakambeba mabegani kwa zamu hata afike panapo tiba. Hapakuwa na karani wala mweka hazina. Kila mtu alijua ni nani aliyebeba jana na ni nani aliyejificha. Taratibu hiyo ilifaa kwa sababu mali yake ilikuwa ni nguvu za mabega, na mabega hayaibiwi wala hayakopeshwi. Mambo yalibadilika pale watu walipoanza kuchanga fedha badala ya nguvu, kwani fedha hutoka machoni pa wenyewe ikaingia sandukuni, na ufunguo wa sanduku hukaa kwa mtu mmoja.

Katika Rwanda vyama vya kuchangiana gharama za matibabu vilianza mapema. Mwaka 1966 kiliundwa chama cha Muvandimwe huko Kibungo, na mwaka 1975 kikafuata chama cha Umubano mu Bantu huko Butare. Kisha ulimwengu wote ukaanza kuzungumza habari hiyo. Mwezi wa Septemba 1978 wajumbe wa mataifa walikutana Alma-Ata, wakakubaliana kwamba wananchi wenyewe wawe na sauti katika kupanga na kuendesha huduma za afya. Mwaka 1987 mawaziri wa afya wa Afrika walikutana Bamako, nchini Mali, wakaamua kwamba fedha ya dawa iwe mikononi mwa kamati za wananchi. Neno hilo lilikuwa jema, lakini lilileta swali zito. Mkulima aliyechaguliwa na wenzake kwa uaminifu wake atajuaje kuagiza dawa, kupanga bei, kutunza akiba na kusoma hesabu ya mwaka, ikiwa hakuna aliyemfundisha?

Swali hilo lilifika Rwanda katika wakati mgumu mno. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, huduma za afya zilitolewa bure kwa muda. Mwaka 1996 malipo yalirudishwa, na watu wengi hawakuwa na cha kulipa. Mwaka 1997 mahudhurio katika vituo vya afya yalikuwa wastani wa 0.3 kwa kila mtu kwa mwaka, na kufikia mwaka 1999 yalikuwa yameshuka hadi 0.25. Maana yake ni kwamba watu wanne wakihesabiwa pamoja walikwenda kutibiwa mara moja tu katika mwaka mzima. Haikuwa kwamba maradhi yamepungua, bali watu walikuwa wakifia majumbani.

Hapo ndipo serikali ilipoanza kuijaribu mituweli, mwezi wa Julai 1999, katika wilaya tatu za afya: Byumba, Kabgayi na Kabutare. Vyama 54 viliundwa, kila kimoja kando ya kituo chake cha afya. Familia ya watu wasiozidi saba ilitoa faranga 2,500 kwa mwaka. Mwisho wa mwaka wa kwanza wanachama walikuwa 88,303, nao walikwenda kutibiwa mara kadhaa zaidi ya wasiokuwa wanachama. Vyama hivyo viliongozwa na wananchi waliochaguliwa katika mkutano mkuu, na wengi wao hawakuwa na elimu ya hesabu ila ile ya shule ya msingi.

Ili tufahamu walilopaswa kujifunza, tutazame mfano mmoja. Tuseme kijiji kina watu 200, na kila mmoja atoe faranga 1,000. Sanduku lina faranga 200,000. Wote wakichanga siku moja, wazima na wagonjwa, fedha ya wazima itawafaa wagonjwa, na mwakani aliyekuwa mzima huenda akawa ndiye mgonjwa. Lakini kiongozi asiyejua akiwaruhusu watu waingie wakati wowote wapendao, wazima watangoja, na watakaoingia ni wale tu ambao wameshaugua. Sanduku litapata fedha kidogo na kutoa nyingi, na kabla ya mwaka kwisha litakuwa tupu, ingawa hakuna mtu aliyeiba hata faranga moja. Ndiyo sababu mituweli iliweka muda wa kungoja kwa anayechelewa kulipa. Wako waliouona muda huo kuwa ni ukatili, kumbe ni ukuta wa kulinda mali ya wote. Kiongozi aliyefundishwa aweza kuwaeleza watu jambo hili wakaridhika, lakini asiyefundishwa ataona haya, atawaingiza jamaa zake kwa upendeleo, na chama kitavunjika.

Tena chama kidogo kina hatari nyingine. Mwanamke mmoja akipasuliwa hospitalini wakati wa kujifungua, gharama yake yaweza kula michango ya watu wengi sana. Kwa sababu hiyo siasa ya mituweli ya mwaka 2004 na taratibu zilizofuata ziliunganisha mifuko midogo na mfuko wa wilaya na wa taifa, ili mzigo mzito ubebwe na wengi. Hapo kiongozi wa kijiji alipaswa kujua si daftari lake tu, bali na namna daftari hilo linavyofungamana na madaftari ya walio juu yake.

Wakati huohuo jambo jipya lilizaliwa katika nchi yetu ya Cyangugu, ambayo ilikuwa mkoa hata mwaka 2006, ndipo wilaya za Rusizi na Nyamasheke zilipoundwa. Kuanzia mwaka 2002 shirika la Cordaid la Uholanzi lilifanya majaribio katika Cyangugu, na shirika la HealthNet likafanya kama hayo katika Butare. Kabla ya hapo vituo vilipewa dawa, vifaa na mishahara bila kuulizwa sana ni kazi gani imefanyika. Katika utaratibu mpya kituo kililipwa kwa kadiri ya kazi: kwa kila mtoto aliyechanjwa, kwa kila mama aliyezalishwa na mtu mwenye ujuzi, na kwa huduma nyingine zilizoandikwa katika mkataba. Kituo kikaachiwa kujiendesha chenyewe, kuamua jinsi ya kutumia fedha yake, na kujiwekea mipango.

Jambo la kutazamwa sana katika majaribio hayo ni mgawanyo wa kazi. Aliyetibu hakuwa ndiye mlipaji. Aliyelipa hakuwa ndiye msimamizi wa sheria za tiba. Tena vyama vya wenyeji vilitumwa majumbani kuwauliza wagonjwa: je, ni kweli ulikwenda kituoni? Je, ulipokewa vizuri? Hivyo mwananchi wa kawaida akawa mkaguzi wa hesabu. Mkuu wa kituo aliyezoea kungoja maagizo alipaswa sasa kujifunza kuandika mpango wa kazi, kusoma mkataba, kugawa marupurupu kwa haki na kuwa tayari kuulizwa. Na wajumbe wa kamati ya afya, ile iitwayo COSA, walipaswa kujua kuuliza.

Matokeo yake hayakuwa madogo. Kati ya mwaka 2001 na 2004, katika mikoa ya Cyangugu na Butare, wanawake waliojifungulia katika vituo vya afya walizidi kutoka karibu 12 katika kila mia hadi karibu 23. Katika mikoa ya Kibungo na Gikongoro, ambayo haikuwa na utaratibu huo, walizidi kutoka karibu 7 hadi karibu 10. Mwaka 2006 serikali ilianza kuueneza utaratibu huo nchi nzima. Wala haukuishia Rwanda. Ulivuka mto Rusizi ukaingia Kivu ya Kusini, tena ukaenda Burundi, ambako ulienea nchi nzima mwaka 2010. Wengi hudhani kwamba kila elimu hutoka mbali ikaja mpakani. Hii ni mojawapo ya zile zilizojaribiwa mpakani kisha zikatoka kwenda mbali.

Sheria ya tarehe 30 Desemba 2007 iliipa mituweli nguvu katika nchi yote, na kufikia mwaka 2010 hesabu za Wizara ya Afya zilionyesha kwamba zaidi ya watu tisa katika kila kumi wamejiunga. Miaka hiyohiyo wahudumu wa afya wa vijiji, wale tuwaitao abajyanama b'ubuzima, ambao walifikia kiasi cha 45,000, waliunganishwa katika ushirika. Sehemu kubwa ya fedha waliyolipwa kwa kazi yao iliingia katika mtaji wa ushirika, na iliyobaki wakagawana. Mtu aliyechaguliwa kwa sababu ajua kumtazama mtoto mwenye homa akajikuta yu mwenyekiti wa ushirika wenye mali, mkutano mkuu na kamati ya ukaguzi. Kupima homa ni elimu moja, na kusoma mizania ni elimu nyingine. Palipokuwa na mafunzo ya kutosha ushirika ulizaa, na palipokosekana mafunzo mtaji ulidumaa.

Mwaka 2012 serikali ilianza pamoja na vyuo vikuu vya Marekani mpango wa miaka saba wa kukuza waganga, wauguzi na wasimamizi wa hospitali. Hivyo uongozi wa hospitali ukakubaliwa kuwa ni taaluma yenye masomo yake. Hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini elimu ikimiminwa juu peke yake, na chini kamati ya kijiji ikaachwa na semina ya siku mbili, nyumba itakuwa na paa zuri na msingi dhaifu.

Mwaka 2015 lilikuja fundisho zito. Usimamizi wa mituweli uliondolewa mahali ulipokuwa, ukakabidhiwa shirika la taifa la hifadhi ya jamii, RSSB. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni madeni ambayo hospitali zilikuwa hazijalipwa, na usimamizi mbaya wa fedha. Hapana shaka kwamba mabadiliko hayo yaliokoa mfuko. Lakini tusiache kuona kilichopotea. Sanduku lililoanza mwaka 1999 mikononi mwa watu waliochaguliwa na majirani zao liliondoka mikononi mwao. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa haikupotea mali tu, bali na sehemu ya mamlaka ya mwananchi juu ya mali yake mwenyewe.

Jambo hili si geni katika historia ya Waislamu. Sultani Qalawun alipojenga hospitali yake kubwa mjini Cairo, iliyokamilika mwaka 1284, hakutosheka na kuta na waganga. Aliandikisha wakfu wa kuigharimia, na hati yake ikaeleza mapato yatumike vipi na nani ahudumiwe, wanaume kwa wanawake. Wakfu una nadhiri wake, ambaye huulizwa juu ya kila kiingiacho na kila kitokacho. Tena kila mwanafunzi wa Kurani ajua kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote, katika Suratul Baqara, haikuhusu vita wala visa vya wafalme, bali yahusu kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Basi asidhani mtu kwamba kudai risiti ni kumshuku ndugu yake. Kuandika ni heshima kwa mwenye kutoa na kinga kwa mwenye kupokea.

Hata leo kazi ya viongozi wa afya vijijini haikwisha. Kamati za afya zingalipo, ushirika wa wahudumu wa vijiji ungalipo, na vibina vya kuchangiana fedha ya mituweli kabla ya mwaka mpya wake kuanza mwezi wa Julai vyajulikana kila mahali. Katika hivyo vyote wamo wazee, akina mama na vijana wa mitaa yetu. Wanapochaguliwa, desturi ni kuwapongeza na kuwaombea dua. Lililo bora ni kuwapongeza, kuwaombea, kisha kuwatafutia mwalimu: mtu wa kuwaonyesha jinsi ya kufungua daftari la mapato na matumizi, kuweka ufunguo wa sanduku kwa watu zaidi ya mmoja, kusoma taarifa mbele ya mkutano kwa lugha iwaeleayo wote, na kukabidhi kazi kwa maandishi muda wao unapokwisha.

Na wanachama nao wana somo lao. Chama ambacho watu wake hawaulizi humharibu hata kiongozi mwema, kwa kuwa humzoeza kutenda pasipo kuonwa. Wabeba ingobyi wa zamani walisimamiana kwa macho, maana kila mtu alimwona mwenzake chini ya mzigo. Sisi wa leo macho yetu ni daftari. Likifungwa sote tumekuwa vipofu, na mgonjwa ndiye atakayeanguka.