Kiota: Kidahizo cha Asidi Amino Tatu

Neno kiota halihitaji mkalimani. Ni nyasi zilizosukwa zikaachiwa kibonde katikati, yai likae lisibingirike. Wapo wanaokiita tundu, na tofauti hiyo nitairudia.

Mwaka 2002, katika Chuo Kikuu cha Glasgow, Watson (si yule wa DNA) na Milner-White walilitoa neno hilo mtini wakaliingiza ndani ya protini. Mnyororo wa protini una vikundi vya naitrojeni na haidrojeni, kimoja katika karibu kila asidi amino, yaani kila pingili ya mnyororo huo. Asidi amino tatu zinazofuatana zikijipinda kwa namna fulani, vikundi hivyo huelekeana, pakatokea kibonde kinachovuta atomu yenye chaji hasi, mara nyingi oksijeni. Kibonde hicho ni kiota, na atomu iliyolala humo huitwa yai. Prolini, mojawapo ya asidi amino, ni nadra kiotani kwa sababu imekosa haidrojeni ya kulishikia yai.

Wasomi wa fasihi wanaijua motifu: jambo linalojirudia hadi likadai jina. Hii nayo ni motifu. Kwa wastani, asidi amino 1 kati ya 12 imo kiotani.

Hata hivyo mhariri wa ensaiklopidia atauliza, na ana haki: asidi amino tatu zipewe kidahizo chao? Aya moja chini ya "protini" haitoshi?

Naona haitoshi. Tazama mayai yanakopatikana. Tripsini, kimeng'enya kinachosaga nyama na maharage utumboni, ina kiota mahali pale inapokatia. Vankomaisini, kiuavijasumu cha hospitalini, ina kiota chini kabisa ya shimo lake. Humo hunaswa ncha ya tofali ambalo bakteria hujengea ukuta wake; ukuta haumaliziki, bakteria hazaliani. Protini nyingi zinazoshika ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, nazo huilaza fosfeti yake katika viota vilivyoungana. Usagaji wa chakula, tiba, nishati: kurasa tatu zisizojuana. Ukikificha kiota chini ya tripsini, msomaji wa vankomaisini hatakifikia kamwe.

Sasa tundu. Wanakemia walikuwa wakikiita hivyo kile kibonde cha tripsini kabla ya 2002, na jina lile lilificha zaidi ya lilivyoonyesha. Hata ukuta uliotobolewa na msumari una tundu. Kiota kina kipimo cha kile kinacholala ndani yake, na hiyo ndiyo kazi ya asidi amino hizi. Kwa hiyo nisingekubali "nesti", kutoka Kiingereza *nest*, wala "tundu anioni", yaani tundu la chembe yenye chaji hasi. Tunalo neno, tena lenye yai lake.

Ningeliandika hivi:

kiota *nm* vi- [*ki-/vi-*] (*biokemia*) kibonde katika mnyororo wa protini, kinachoundwa na asidi amino tatu zinazofuatana, ambamo hulala atomu yenye chaji hasi. *Tazama pia* yai.